Rangi ya Mama Mkwe

Naomba mnicheke mapema ili tumalizane, maana habari hii kila nikiisimulia watu hujifanya kunihurumia mpaka katikati, halafu anatokea mmoja anaguna puani na wote wanaangua kicheko. Ndiyo, ni mimi. Mimi ndiye niliyemtoa mama mkwe wangu akiwa wa kijani, nikamchapisha nakala mia tatu, nikamfunga kwa kamba ya katani, nikamvusha ziwa na nikamgawa kwa waumini wa kanisa zima siku ya jubilei ya ndoa yake. Tena nilimgawa kwa mikono yangu mwenyewe, huku natabasamu.

Ilikuwa miaka ya tisini inaelekea mwisho, wakati ambao Mwanza nzima ilikuwa imegundua biashara kwa mpigo, kila mwenye chumba kinachotazama barabara kaweka kibao, waliokuwa makarani wa ushirika wanauza mitumba, na vijana wa rika langu wote wanakimbilia sangara na viwanda vya minofu. Mimi nilikuwa Buzuruga, studio ya picha ya Mzee Sadiki, mtu wa mjini tangu babu yake, fundi aliyeanza kazi enzi zile picha zinapakwa rangi kwa brashi na pamba. Huyu mzee alinunua kompyuta moja iliyokwisha kutumika huko ilikotoka, pamoja na skana yake, akanipeleka Dar es Salaam wiki mbili nikajifunze kuzitumia. Wiki mbili tu, jamani, lakini nilirudi natembea kama vile kompyuta niliiunda mimi.

Sasa, nilikuwa na mchumba. Anaitwa Kabula, alikuwa Bukoba anasomea uuguzi, na picha yake ilikuwa inakaa kwenye mfuko wa shati langu upande wa kushoto (niliipiga mwenyewe, nikaisafisha mwenyewe, rangi imekaa sawasawa, naomba mkumbuke hilo). Kwao ni Kamanga, ng'ambo ya pili, unavuka kwa kivuko. Baba yake, Mzee Shigela, alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha pamba mpaka kiwanda kikalala, akanunua mashine ya kusaga nafaka akawa mtu mzito pale kijijini. Posa ilikwisha kupokelewa, mahari tumekubaliana, imebaki tarehe tu. Na tarehe ilikuwa haitoki kwa sababu ya mtu mmoja, Shangazi Nyanzala, dada yake Mzee Shigela, ambaye alikuwa na mchumba mwingine wa Kabula mfukoni, jamaa mmoja mnunuzi wa sangara mwenye mtumbwi wa injini. Kila nikifika, Shangazi ananiuliza mbele ya watu, "Mkwe, bado unacheza na picha?"

Siku moja Mzee Shigela akachoka, akasema, "Sikilizeni. Desemba mimi na mama Kabula tunatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Huyu kijana si ni fundi? Atutengenezee kalenda ya mwaka unaokuja, picha yetu juu, miezi chini, tuwagawie watu siku ya jubilei waione kazi yake. Tukishaiona, siku hiyohiyo nitatamka tarehe ya harusi."

"Na tusipoipenda?" Shangazi akauliza.

Mzee akakohoa. Kikohozi kile mimi nilikielewa, kalenda mbovu, hakuna tarehe.

Kabla sijafika kwenye kompyuta lazima niwaeleze kitu, la sivyo mtaniona mjinga kuliko nilivyo. Nyumbani kwetu nilivyolelewa, mkwe ni mkwe. Mama wa mchumba wako humwangalii usoni, humpi mkono, mkikutana njiani unapisha mpaka kwenye majani na macho yako yanabaki ardhini mpaka apite. Mimi katika hilo nilikuwa mwanafunzi bora. Mwaka mzima wa kwenda Kamanga nilikuwa namjua mama Kabula kwa miguu, zile kandambili zake za bluu, pindo la kitenge chake, sauti yake akisema "karibuni chakula" kutoka nyuma ya mlango. Uso sikuwa naujua. Ungenipanga akina mama kumi ukaniambia nimchague, ningeomba kwanza wavue viatu nivione.

Basi, picha ikaletwa. Aliipiga mpiga picha wa kupita, wazee wawili wamesimama mbele ya nyumba, Mzee kwenye jua, mama kwenye kivuli cha paa, na huko ilikosafishwa sijui waliweka dawa gani kwa sababu picha nzima ilikuwa nyekundu kama tofali. Kazi yangu ilikuwa kuiingiza kwenye skana, kuondoa ule wekundu, na kuipeleka kiwanda kimoja cha uchapaji kule mjini, kwa fundi anaitwa Pastory, Mhaya mmoja mtanashati anayechapa kazi akiwa amevaa tai.

Pastory alinipa maelekezo yake akiwa amesimama wima kama anasoma tangazo la redio. "Bwana, mashine yangu inachapa kwa wino nne, kwa hiyo nichagulie mfumo wa rangi wa wino nne. Pili, usipunguze rangi hata moja. Tatu, ukihifadhi, chagua ile aina ya faili kubwa isiyobana kitu. Umenielewa?"

"Najua," nikasema. (Sikuwa najua. Kwenye kozi yetu habari za mifumo ya rangi zilifundishwa siku niliyokwenda kuangalia bahari.)

"Faili likikataa kuingia kwenye disketi, beba boksi lenyewe la kompyuta uje nalo hapa. Wenzako wote wanafanya hivyo."

Hapo ndipo palipoanzia balaa. Disketi za wakati ule mnazikumbuka, kile kiplastiki cha mraba, kinabeba barua mbili tatu na wimbo robo. Picha yangu ilikuwa kubwa kuliko disketi mara kumi na zaidi. Njia ilikuwa moja tu na nilikwisha kuambiwa, nibebe boksi la kompyuta kutoka Buzuruga mpaka mjini. Nikajiona barabarani na lile boksi kichwani, jua la saa nane, nyaya zinaning'inia, watu wanasema yule fundi wa Mzee Sadiki leo kafukuzwa na vyombo vyake, au kaiba, na mimi ndiyo kwanza nimetoka Dar es Salaam na shati jipya. Nikasema haiwezekani. Kompyuta ni kitu cha akili, lazima kuwe na njia ya akili.

Nikakaa kwenye kiti. Kwanza nikataka kuondoa ule wekundu, na hapo likatokea tatizo la adabu, kwamba kwenye kioo cha kompyuta uso wa mama mkwe umejaa mbele yangu mkubwa kama sinia na unanitazama. Nilijaribu, nawaambia kweli, nikashindwa. Nikachukua karatasi ya risiti, nikakata kipande, nikakibandika kwenye kioo juu ya uso wake kwa gundi ya karatasi. Nikapumua. Nikaendelea na kazi kwa amani, nikimtumia Mzee Shigela kama kipimo changu, maana yeye nimemtazama sana tukila naye, ni maji ya kunde, nikawa napunguza wekundu na kuongeza huku na huku mpaka Mzee akatokea vile alivyo, hata ule mng'ao wa kipara ukaja.

Mzee Sadiki akapita nyuma yangu na kikombe chake cha kahawa, akasimama. "Makoye, hiyo karatasi ya nini?"

"Ni mama mkwe, mzee."

"Kwa hiyo unamsafisha mtu usiyemwona?"

"Kompyuta inamwona."

"Mimi nilipokuwa napaka rangi kwa brashi, nilikuwa naomba mwenye picha aje akae pale kwenye kiti," akasema, akaondoka na kahawa yake. Nikamwonea huruma, mzee wa watu, dunia imempita.

Sasa kuhifadhi. Kompyuta ikaniletea orodha ya mifumo ya rangi. Kulikuwa na ule wa wino nne wa Pastory, nikaujaribu, faili likavimba badala ya kupungua. Nikashuka chini kwenye orodha nikakuta mfumo mwingine, huu unasema unabakiza rangi mia mbili na hamsini na sita tu, basi, na faili linakuwa dogo ajabu. Nikafikiri kama mtu mwenye akili timamu. Rangi mia mbili na hamsini na sita. Nani ana haja ya zaidi ya hizo? Nikajaribu kuhesabu rangi ninazozijua mimi, nyekundu, nyeupe, nyeusi, kijani, bluu, nikafika kumi na moja na hapo nimeweka na rangi ya udongo. Nikasema hao wanaotaka mamilioni wana lao jambo. Nikabonyeza. Kisha nikairudisha kwenye mfumo wa Pastory ili asije kunilalamikia, na kwenye aina ya faili nikachagua ile inayobana, nikaibana mpaka mwisho, ikaingia kwenye disketi moja na nafasi ikabaki. Nilijipongeza kwa soda.

Nikabandua karatasi kuangalia kwa haraka, jicho moja tu, kwa heshima. Nikaona kitu cha kijani. Nikajua ni kilemba.

Kwa Pastory, alichapa sampuli moja akaniita. Nikaishika, na kwa mazoea kidole gumba changu kikaenda chenyewe kikatua juu ya uso wa mama. Mzee alikuwa safi kabisa, anavutia.

"Bwana, umeridhika na huyu mama?" Pastory akauliza.

"Sana."

"Ndivyo alivyo?"

"Ndivyo alivyo. Wewe chapa."

Akarekebisha tai yake. "Mteja ni wewe," akasema, na mashine ikaanza kunguruma.

Siku ya jubilei nikavuka na maboksi yangu mawili yaliyofungwa kwa kamba ya katani, ndani yake kila kalenda imeviringishwa na kufungwa mpira. Kwenye kivuko mama mmoja mwenye kapu la nyanya akaomba aone, nikamfungulia moja kwa majivuno. Akaitazama, akaisogeza mbali, akaileta karibu.

"Huyu mama ni mzima?" akauliza taratibu.

"Mzima kabisa. Leo ni jubilei yake."

"Mungu mkubwa," akasema, akaiviringisha vizuri na kunirudishia. Mimi nikachukua hiyo kuwa sifa, nikamshukuru.

Misa ikaisha, tukahamia nyumbani kwa Mzee Shigela, turubai limefungwa, kwaya iko upande mmoja, wazee upande mwingine, Shangazi Nyanzala mstari wa mbele kabisa amekunja mikono. Kabula alikuwa amekuja likizo kwa meli kutoka Bukoba, nikamwona mlangoni na aproni, akanipungia mkono na mwiko. Nikapita mstari kwa mstari nagawa kalenda, na mshereheshaji, mwalimu mmoja mwenye maneno mengi, akasema hakuna kufungua mpaka ahesabu, kwa sababu hii ni zawadi ya mkwe na tunataka tuione wote kwa pamoja. Akahesabu. Moja, mbili, tatu. Karatasi mia tatu zikafunguka kwa mara moja, zikatoa sauti kama mvua inayoanza kwenye bati.

Halafu kimya.

Nilitabasamu kwenye ule kimya, nadhani sekunde kumi nzima, nikisubiri vigelegele. Kisha macho yangu yakatua kwenye kalenda ya mzee aliyekaa karibu nami, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na kidole wala karatasi ya risiti. Mzee Shigela alikuwa juu pale amependeza, kipara kinang'aa. Na ubavuni mwake amesimama mtu wa rangi ya majani ya mpera. Si kilemba, kilemba kilikuwa cheupe. Ni uso. Kijani kwenye mashavu, zambarau chini ya macho, na katikati ya paji la uso mabaka yamepangana kama viraka vya mashamba ukiyaona kutoka mlimani.

Mtu mmoja kwenye kwaya akaguna puani. Nadhani ni sauti ya tatu. Na hapo turubai lote likalipuka.

Watu walicheka mpaka wengine wakatoka kwenda kucheka nje. Kabula akaja mbio, akachukua kalenda, akaangalia, akaziba mdomo kwa mwiko. "Makoye," akasema, "umemfanya nini mama?"

Ningekaa kimya, labda ningeokoka. Lakini mimi ni mtu wa kozi ya wiki mbili, nikaomba kipaza sauti nieleze. Nikasema ndugu zangu, hili ni suala la kitaalamu, picha ilikuwa kubwa, disketi ni ndogo, ikabidi nipunguze rangi, lakini sikupunguza sana, nimewaachia rangi mia mbili na hamsini na sita.

Shangazi Nyanzala akasimama. Alikuwa hacheki, yeye alikuwa amekuja kazini. "Langi mia mbili na hamsini na sita," akasema taratibu kwa lafudhi yake ya kijijini, kila mtu asikie. "Na katika zote hizo, nyeusi hukuiona?"

Hapo wakacheka hata wale waliokuwa wamerudi kutoka kucheka. Mimi nikawa natafuta pa kuweka mikono. Nikamwona Mzee Shigela anakunja kalenda yake polepole, mara moja, mara mbili, na nikajua tarehe inakunjwa humo ndani pamoja nami. Niliogopa, jamani, leo nasema kwa kucheka lakini siku ile niliogopa kweli. Nilimpenda yule binti.

Mzee akauliza, bila kipaza sauti, "Kijana. Mimi mbona niko sawa?"

Akili yote iliniishia, nikasema ukweli kwa sababu ndio pekee uliobaki. "Baba, wewe nimekuzoea. Nimekutazama tukila. Mama sijawahi kumtazama hata siku moja. Kwenye kompyuta nilimfunika na karatasi."

"Ulimfunika na karatasi?"

"Ya risiti, baba. Nilikuwa naona aibu."

Kicheko kikafa. Nikasikia mzee mmoja nyuma anasema, "Kumbe kijana anayo adabu," na mwingine akamjibu, "Anayo mpaka imezidi." Shangazi akafungua mdomo, lakini sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ile ninayoijua, ya nyuma ya mlango.

"Mkwe, njoo hapa."

Nikaenda. Nikasimama mbele ya zile kandambili za bluu (siku hiyo zilikuwa viatu vyeupe, lakini miguu naijua), macho chini, kama ilivyo desturi.

"Inua uso."

Sikuinua.

"Makoye, nimesema inua uso. Nitazame vizuri, mbele ya watu hawa wote, ili siku nyingine usinikosee."

Nikamwangalia Mzee, Mzee akaitikia kwa kichwa. Nikainua uso. Na mbele yangu, nawaapia, nikamwona Kabula. Kabula yuleyule, pua ileile, weusi uleule mzuri unaong'aa kwa chini, ameongezewa tu miaka na mikunjo miwili ya kucheka. Rangi niliyoitafuta kwenye mia mbili na hamsini na sita nikaikosa ilikuwa imekaa kwenye mfuko wa shati langu wakati wote ule, upande wa kushoto, imesafishwa na mimi mwenyewe. Ningeitoa tu nikaiweka pembeni ya kioo nikafananisha. Machozi yalinitoka, na sijui yalikuwa ya aibu au ya nini.

"Umeniona?" akauliza.

"Nimekuona, mama."

"Mimi ni wa kijani?"

"Hapana, mama."

"Basi utaniletea kitenge kwa kunitazama," akasema, na ile mikunjo miwili ikajikunja. "Cha kijani. Kifanane na kalenda."

Hapo ndipo vigelegele vilipopigwa. Mzee Shigela akaikunjua kalenda yake, akainyoosha juu ya goti, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye miezi chini ya mke wake wa kijani mpaka kikafika mwezi wa nne, Jumamosi ya tatu. "Hapa," akasema kwenye kipaza sauti. "Kila mtu anayo kalenda, hakuna wa kusema hakuijua tarehe." Shangazi Nyanzala alikaa chini. Baadaye nilimwona anaviringisha ya kwake kwa uangalifu na kuitia kwenye mkoba.

Tangu siku ile sijapunguza rangi hata moja. Ile wiki iliyofuata nilikuwa na kazi nyingine ya kupeleka kwa Pastory, nikachomoa nyaya, nikaliweka boksi la kompyuta kichwani, nikatembea nalo saa nane ya jua kutoka Buzuruga mpaka mjini, na waliotaka kucheka wakacheka. Na yeyote anayeleta picha kwangu, awe nani, namwambia kwanza akae pale kwenye kiti nimtazame. Mzee Sadiki alipoliona hilo kwa mara ya kwanza alininunulia kahawa.

Kalenda ile ipo Kamanga mpaka leo, mwaka wake ulikwisha zamani lakini mama mkwe amekataa ibanduliwe ukutani. Wageni wakiuliza huyu wa kijani ni nani, anajivuta kwenye kiti na kuwaambia ni yeye, alivyoonwa na mkwe wake kabla hajamtazama.